Begi lililokaa nyuma ya mlango

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii nikiwa nimejilaza kwenye kitanda cha nyuma ya siti, simu mkononi, kwahiyo mtanivumilia kama kuna sehemu nimekosea kosea. Ni kitu nimekaa nacho moyoni miaka kadhaa sasa na kila nikitaka kukisema kanisani muda hautoshi, unapewa dakika mbili za ushuhuda unaishia kusema Mungu ni mwema halafu unakaa. Leo muda ninao.

Kwa wasionijua mi ni dereva wa malori. Nilianza utingo 2007, nikakaa utingo miaka mitano ndo nikakabidhiwa gari, na tangu hapo maisha yangu ni Dar, Chalinze, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia yote mpaka Kasumbalesa unaingia Congo, unashusha unarudi, unapakia unaenda tena. Nyumbani ni Makambako, na anayeijua ile barabara anajua Makambako ipo palepale njiani, yaani nilikuwa napita na mzigo karibu na kwangu napiga honi watoto wanatoka mbio kunipungia na mi sishuki, maana tajiri anaangalia gari kwenye simu yake anaona umesimama wapi na dakika ngapi.

Sasa Mei 2020, kipindi kile cha corona, Zambia wakafunga mpaka wa Nakonde, ule wa upande wa pili wa Tunduma, na hata ulipofunguliwa mambo hayakuwa kama zamani, kupimwa, kusubiri majibu, foleni ikarudi nyuma mpaka ukisimama juu ya trela huoni mwisho wake. Mi nilikaa siku 9. Sisi wengi tulikuwa tunaishi pale kama watu wanaoondoka dakika tano zijazo. Hupiki kitu cha maana, unakula biskuti na soda au chapati za mama anayepita na ndoo, maana unaogopa ukibandika sufuria foleni itasogea na wa nyuma atakupita. Hufui. Unalala umeegemea usukani na viatu mguuni. Siku ya nne watu macho mekundu, wanashikana mashati kwa ajili ya nafasi ya gari moja.

Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja, umri wa marehemu baba yangu kabisa, amebeba mabati. Huyu mzee siku ya kwanza tu akashusha jiko la mkaa, akatandika mkeka kwenye kivuli cha trela, akafunga kamba akaanika mashati yake mawili, halafu akabandika maharage. Maharage makavu ambayo hata hayajalowekwa! Nikamwona kama hajui tuko wapi. Na kweli maharage yakiwa bado kabisa foleni ikasogea. Akaipua sufuria, akaizungushia taulo, akampa utingo wake aipakate, akasogeza gari kama mita 300, akazima, akashuka, akabandika tena. Nadhani siku ile alisogea mara tatu na yale maharage yakaja kuiva saa 2 usiku, akatuita madereva wanne watano tukala naye. Nikamuuliza mzee we ulijuaje kama tutakaa leo. Akasema sikujua mwanangu, maharage yakiiva tunakula, foleni ikienda tunaenda.

Asubuhi yake akatukusanya katikati ya magari tukaomba, akafungua Hesabu sura ya 9 kuanzia mstari wa 15. Ile habari ya wingu lililokuwa linakaa juu ya maskani, ile hema ya ibada, jangwani, na usiku linaonekana kama moto. Wingu likiinuka wana wa Israeli wanasafiri, wingu likitua wanapiga kambi hapohapo. Nilishaisikia tangu Sunday school ila sikuwahi kusikia zile siku zilizotajwa mle ndani. Saa ingine wingu lilikaa toka jioni mpaka asubuhi tu. Saa ingine siku mbili. Saa ingine mwezi. Saa ingine zaidi ya hapo, mwaka hata. Na hakuna mahali wameambiwa kabla kwamba hapa tutakaa siku ngapi. Hakuna! Wingu linatua, basi. Halina kalenda.

Mi hilo lilinishika lakini sikulielewa siku ile. Nililielewa kwa shida baadaye.

Februari 2021 tajiri wangu akauza magari, yote. Hakunidhulumu, alinilipa changu na akaniombea heri, biashara ilikuwa imemshinda. Nikashuka Makambako na begi langu la kijani, lile la mgongoni, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumbani. Nikamwambia mama watoto usiligusi, wiki ijayo naitwa. Maana mi nina leseni, nina pasipoti, nina uzoefu, njia naijua na usiku, nani atakosa kuniita.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Begi liko nyuma ya mlango. Ndani mna nguo, mna tochi, mna kikombe changu cha bati, mna kila kitu, na mi kila asubuhi nikitaka shati nafungua zipu natoa moja, nikilifua nalikunja narudisha ndani ya begi. Kabati lipo hatua mbili. Miezi sita nilikaa nyumbani kwangu hivyo, kama mgeni wa gesti. Shamba la mama lipo tupu mi siligusi kwasababu naondoka. Paa la jiko linavuja silipandi kwasababu naondoka. Mchungaji akaniomba niwe naingia kwenye maombi ya jioni ya akina baba nikamwambia mchungaji mi mtu wa safari nitawavuruga ratiba.

Na usiku ndo ilikuwa mbaya. Nyumba yetu haipo mbali na barabara kuu, upepo wa Makambako ukiwa unatoka upande ule unasikia kila gari. Mi najua gari kwa sauti, najua hili lina mzigo hili tupu, huyu anabadilisha gia mapema huyu anachelewa. Nikawa nalala nasikiliza wenzangu wanavyopita na kila moja linalopita naona kama Mungu kalipitisha hilo kunionesha kwamba mi nimesahaulika.

Nikianza kuomba nilikuwa naomba kitu kimoja, Mungu nifungulie njia. Sikuwahi hata mara moja kumuuliza hapa nilipo unataka nifanye nini. Nilikuwa nachukulia kwamba Mungu anaongoza gari likiwa linatembea, likisimama basi ameshuka, nimsubiri arudi. Kumbe ukisoma ile sura ya 9 vizuri inarudia rudia kwamba kwa amri ya Bwana walisafiri na kwa amri ya Bwana walipiga kambi. Vyote viwili! Kukaa nako lilikuwa agizo, lina uzito uleule wa kuondoka, wala haikuwa adhabu au mapumziko ya kumsubiri Mungu amalize kazi zake nyingine.

Agosti mwaka huohuo nikachoka kusubiri. Kuna mtu akaniunganisha na mwenye gari mmoja anataka dereva wa haraka, mzigo upo, makaratasi yatafuata njiani. Dereva yeyote anajua sentensi hiyo maana yake nini, na mi nilijua. Moyo ulikuwa unanikatalia kabisa. Mama watoto akaniuliza taratibu tu, baba, hili jambo limekukaa sawa? Nikamjibu vibaya, maneno ambayo nilikuja kumwomba msamaha baadaye. Mchungaji akasema tuombe siku tatu, nikasema gari haliwezi kusubiri siku tatu. Saa 10 alfajiri nikabeba begi nikaondoka. Sitaeleza yote, ila nilikaa Kasumbalesa siku 33 na mzigo ambao karatasi zake hazikuwa sawa, mwenye gari akaacha kupokea simu, hela ya kula ikaisha, na nyumbani nimerudi kwa kuomba lifti za madereva wenzangu, kipande kwa kipande, bila shilingi moja ya kazi niliyofanya.

Niliporudi ndo nikasoma Hesabu 14, nikailia ile sura. Mnakumbuka pale Kadeshi, Mungu anawaambia pandeni mkaitwae nchi, wao wanaogopa majitu wanakataa. Mungu akawaambia basi geukeni mrudi jangwani. Kesho yake asubuhi wakaamka na ujasiri mkubwa, tumekosa, sasa tunapanda. Musa akawaambia msipande, Bwana hayumo kati yenu. Wakapanda hivyohivyo, sanduku la agano likabaki kambini na Musa akabaki kambini, wakapigwa mpaka Horma. Sasa angalia, mlima ni uleule, njia ni ileile, na kupanda ndo kitu ambacho Mungu mwenyewe alikuwa amekisema. Jana kupanda ilikuwa utii na leo kupanda ni uasi. Mi nilikuwa nadhani kazi nzuri ikija basi ni ya Mungu, nilikuwa naangalia njia tu sikuwa naangalia wingu. Sisemi kila anayekwama safarini kamkosea Mungu, wapo wanaokwama wakiwa kwenye mapenzi yake kabisa, Paulo alivunjikiwa na meli akiwa anaenda mahali ambapo Mungu alimwambia lazima afike. Naongelea ya kwangu, mi nilijua.

Kuna kitu kingine nikaanza kukiona, na hiki nadhani dereva anakiona haraka kuliko mtu mwingine. Ile maskani ilikuwa inabebwa, na kubeba kwenyewe kulikuwa na mpango. Soma Hesabu 4 na 7, koo tatu za Walawi zinagawiwa mizigo. Wagershoni walibeba mapazia na vifuniko na kamba zake, hao mi nawaita watu wa turubai, wakapewa magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe 4. Wamerari walibeba mbao, mataruma yaani fito za kuzishikilia, nguzo, vitako vya kuzisimamishia, vigingi, wakapewa magari 4 na ng'ombe 8. Mzigo mzito ng'ombe wengi! Wakohathi vitu vitakatifu vyao ni vya mabegani, hawakupewa gari hata moja. Mungu anajua mambo ya uzito kabla hatujawa na mizani ya malori pale Vigwaza na kikomo chake cha tani 56.

Sasa vile vitako vya fedha, Kutoka 38 inasema vilikuwa 100 na kila kimoja talanta nzima. Talanta moja inazidi kilo 30. Piga hesabu, hizo ni tani 3 na zaidi za vitako peke yake, bado mbao, bado nguzo. Halafu wingu linakaa toka jioni mpaka asubuhi! Na wingu lilikuwa linakaa juu ya maskani, na ili likae juu yake si lazima maskani iwe imesimamishwa? Yaani hawa Wamerari wamefika jioni wamechoka, hawajui ni usiku mmoja au mwaka, na hawakusema tusubiri kwanza tuone kama tunakaa, vitako tuviache kwenye gari. Walishusha. Walipanga vyote, wakasimamisha mbao, wakapigilia vigingi. Na asubuhi wingu likiinuka wanang'oa wanapakia upya, bila mtu kusema jana tumefanya kazi ya bure.

Niliposoma hapo nilikuwa nimekaa kitandani na begi naliona pale nyuma ya mlango, limevimba, lina vumbi jekundu la Congo. Nikaelewa mi nimeacha vitako kwenye gari.

Nikaliburuta mpaka katikati ya chumba. Binti yangu mkubwa, wakati huo yupo darasa la tatu, akaja akakaa chini pembeni yangu tukaanza kutoa. Suruali, soksi, taulo. Tochi ambayo betri zimevuja zimeota ule unga wa kijani. Dawa ya meno imekauka kama jiwe. Kipande cha kamba ya turubai. Risiti za mizani zimefutika maandishi huoni hata tarehe. Akavaa ile koti yangu ya kung'aa ikamfika miguuni, akawa anatembea nayo chumbani. Chini kabisa ya begi kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, kuifungua ni picha aliyonichorea akiwa chekechea, lori lenye magurudumu mengi na mtu juu yake ananyoosha mkono. Akaniuliza baba hii ulikuwa unatembea nayo? Nikamwambia ndio. Nilikuwa natembea nayo ila kwa kweli sikumbuki mara ya mwisho niliiangalia lini. Nguo zikaingia kabatini, na begi mama watoto akalifua akalianika uani.

Wiki hiyohiyo nikapanda juu ya jiko nikaziba paa. Mvua zilipoanza nikalima shamba la mama, mahindi na viazi kidogo. Akina baba wa maombi ya jioni nikajiunga. Sikuwa na furaha kila siku, nisiwadanganye, ada za shule zilitutesa na kuna miezi genge la mama watoto ndo lilitulisha wote. Lakini nilikuwa nimekaa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekaa na mtu aliyekwama, na kwa nje wanaonekana sawasawa.

Aprili 2022 mama yangu akapata kiharusi, upande wa kulia wote. Nikamhamishia kwetu. Mi ndo nilikuwa namlisha uji, namgeuza, namnyoosha vidole kama walivyotuelekeza hospitali, kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Baba yangu alipofariki 2016 mi nilikuwa Kasumbalesa, nimekuja kufika kaburi limeshawekewa maua yamenyauka. Kwa mama nilikuwepo. Usiku alikuwa hapati usingizi, nakaa naye kwenye giza, tunasikiliza barabara. Ananiambia kwa shida shida mwanangu, leo magari mengi. Mi namwambia hilo mama limebeba mzigo mzito, hilo linarudi tupu. Anacheka upande mmoja wa mdomo. Magari yaleyale yaliyokuwa yananiliza mwaka uliopita. Alilala usingizi wa mwisho Septemba, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye mkono wangu.

Watu wengine huniambia unaona, ndo maana Mungu aliuza yale magari, ili umuuguze mama yako. Mi sisemi hivyo. Tajiri wangu aliumia kwa kuuza, na familia za madereva wenzangu ziliumia, siwezi kusema Mungu alivunja biashara ya watu sita kwa ajili yangu. Ninachojua ni kwamba wingu lilikuwa limetua Makambako na mi nilikuwepo nyumbani, na kama begi lingekuwa bado limejaa nyuma ya mlango nadhani hata nikiwa namlisha uji moyo wangu ungekuwa Nakonde.

Novemba simu ikaja, gari lipo, kampuni nyingine, mkataba wa maandishi. Mtu ataniuliza safari hii ulijuaje kama ni wingu limeinuka, mbona na sisi hatuoni wingu siku hizi. Ni swali la kweli hilo na mi sina jibu la kitaalamu. Ila ukisoma Hesabu 10 utaona pamoja na wingu, Mungu alimwambia Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, kwasababu kambi ni kubwa, mtu wa mwisho kule pembeni anasubiri asikie mlio. Yaani hata enzi za wingu watu walijulishwa na watu. Na sura hiyohiyo Musa anambembeleza Hobabu, yule Mmidiani, awe macho yao jangwani, maana anazijua sehemu za kupiga kambi. Wingu lipo na bado anamhitaji mtu anayelijua jangwa! Kwahiyo nilipiga simu kwa madereva watatu wanaoijua ile kampuni. Nikampa mkataba mzee wa kanisa anayejua mambo ya sheria akausoma. Nikaomba na mama watoto siku saba, sio tatu, na siku ya saba nikamuuliza mimi sasa, mama, hili jambo limekukaa sawa? Akasema limekaa. Na moyo wangu ulikuwa umetulia, ule utulivu ambao Agosti ile sikuwa nao hata dakika moja. Akanifungia begi mwenyewe.

Kwahiyo niko barabarani tena. Nikipita Makambako hawa wapya wanaturuhusu kulala nyumbani usiku mmoja, na huo usiku mmoja nguo zinatoka kwenye begi zinaingia kabatini, asubuhi zinarudi. Mama watoto mwanzo alinishangaa, siku hizi ananiachia hanga mbili wazi.

Hapa nilipo ni Tunduma, mtandao wa watu wa forodha umeshuka tangu juzi, mzigo wangu hausomi, na foleni imesimama. Utingo wangu ni kijana mdogo, hii safari yake ya pili, ameshakula biskuti siku mbili na analala na viatu. Sasa hivi amepanda kunigongea dirisha ananiuliza mzee, tutakaa mpaka lini. Nimemwambia sijui. Nimempa elfu mbili na mia tano akatafute maharage na kitunguu, na akirudi ashushe jiko.